Batobato la Muhogo: Msafiri Asiye na Miguu

Ndugu wakulima wa Migori na Homa Bay,

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za muhogo, na hasa ugonjwa uitwao batobato, ambao wengine huuita mozaiki. Wengi wenu mwaujua kwa macho. Jani zima huwa la kijani sawasawa. Jani lenye batobato huwa na mabaka ya manjano, hujikunja, hupindika upande, na kuwa dogo kuliko wenzake. Mkulima hungoja mwaka mzima akitazamia mihogo minene kama mkono wa mtu, na siku ya kuchimba akapata mizizi myembamba kama vidole.

Swali tuulizwalo mara kwa mara katika ofisi ya kilimo ni hili: "Karani, ugonjwa huu umefikaje kwangu, nami shamba langu ni jipya?" Ni swali zuri, maana ninyi mlio katika skimu, kama wale wa bonde la Lambwe, mlianza mashamba yenu katika ardhi ambayo haikuwa na muhogo. Mimi si mtaalamu wa maabara. Nilisomea ualimu, na sasa kazi yangu ni kuandika barua na kutunza majalada. Lakini aliyesomea ualimu hapendi kuacha swali bila jibu, basi nimesoma yaliyoandikwa na wenye elimu hiyo, nikaona yafaa niwaeleze. Tukiufahamu mwendo wa adui huyu ndipo tutakapojua mahali pa kumfungia njia.

KIRUSI NI KITU GANI

Kiletacho batobato si mdudu wala si kuvu, ni kirusi. Ukiigawanya milimita moja katika sehemu milioni moja, kirusi cha muhogo ni kirefu kama sehemu 30 tu. Darubini ya kawaida ya shule haiwezi kukionyesha.

Kirusi hakili, hakipumui, wala hakitembei. Ni ganda la protini, na ndani ya ganda mna utepe wa maagizo. Maagizo hayo, tukiyafupisha, ni mawili: "Nakilini maneno haya, kisha yapelekeni mbele." Hakina kingine.

Basi kitu kisichokula wala kutembea chawezaje kuharibu ekari nzima? Jibu ni kwamba hakitumii nguvu zake, chatumia nguvu za mmea wenyewe. Kila mwili ulio hai, wa mtu, wa ng'ombe au wa muhogo, umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Ndani ya kila seli mna kazi ya uchukuzi isiyokoma: vitu huingizwa, hutolewa, hupelekwa chumba hiki na kile. Kirusi hudandia uchukuzi huo.

Si virusi vya muhogo pekee vifanyavyo hivyo. Kirusi cha kichaa cha mbwa huingia mtu anapoumwa mguu, nacho hupanda hadi ubongo kwa kuchukuliwa ndani ya mishipa ya fahamu, kwa uchukuzi ule ule ambao mishipa hiyo hutumia kila siku. Ndiyo sababu twaambiwa tuoshe jeraha mara moja kwa maji na sabuni na kukimbilia sindano, kabla msafiri hajafika.

SELI NI KAMA OFISI

Nitatoa mfano wa mahali ninapopajua. Katika ofisi mna chumba cha ndani kiwekwamo majalada yote. Mlangoni pana bawabu atazamaye nani ana ruhusa ya kuingia. Mna mpiga chapa anakiliye kila karatasi iliyowekwa katika kisanduku chake. Tena mna matarishi wapelekao barua nje. Mpiga chapa haulizi kama karatasi ni ya haki au ya uongo. Akiikuta kisandukuni, aipiga chapa. Tarishi naye haifungui barua. Akiona ina muhuri, aipeleka.

Seli ya muhogo ni vivyo hivyo. Chumba cha majalada ni kiini cha seli, ambamo mmetunzwa maagizo yote ya namna muhogo unavyokua. Sasa tufuate safari ya kirusi.

Kwanza, huletwa na inzi mweupe. Huyu ni mdudu mdogo, urefu wake kama milimita moja, akaaye chini ya majani machanga. Huchoma jani kwa mrija wake mpaka afike katika mshipa upitao maji ya sukari, naye akifyonza humwaga mate. Kirusi humo katika mate.

Pili, kikisha kuingia katika seli hapana budi kifike katika kiini. Kiini kina milango yake, na havipiti humo vitu vyote. Protini za mmea zitakiwazo kiini huwa na alama, na wachukuzi wa seli huzitambua kwa alama hiyo na kuziingiza. Ganda la kirusi lina alama ya namna hiyo. Wachukuzi huidhania ni mali ya nyumbani, wakakiingiza kwa mikono yao.

Tatu, ndani ya kiini maagizo ya kirusi huwekwa mbele ya mtambo wa kunakili wa mmea. Seli ya jani lililokwisha kukomaa huwa imefunga kazi hiyo, kwa kuwa haigawanyiki tena. Kirusi huja na protini yake iamuruyo kazi ifunguliwe upya. Mmea huanza kupiga chapa nakala za kirusi, nyingi mno, kwa vitu na nguvu ambazo zingekwenda kujaza mizizi.

Nne, nakala hizo lazima zitoke. Hapa kirusi hutumia protini mbili. Ya kwanza ni kama tarishi wa ndani: huzichukua nakala kutoka kiini na kuzipeleka mpaka ukingoni mwa seli. Ya pili yashughulika na ukuta. Seli za mimea zimetenganishwa kwa kuta, lakini katika kuta hizo mna vipenyo vyembamba ambavyo seli jirani hupitishiana chakula na habari. Protini ya pili hukifanya kipenyo kipitishe mzigo mkubwa kuliko kawaida yake, na kirusi huingia chumba cha jirani. Huko kazi yaanza tena: kiini, nakala, kipenyo, na jirani mwingine.

Jambo hili lilithibitishwa kwa kirusi kilichotoka kwetu huku Magharibi mwa Kenya. Mwaka 1983 wataalamu huko Uingereza, Stanley na Gay, walitangaza kwamba wameyasoma maagizo yote ya kirusi hicho. Waliona yamegawanyika katika vifurushi viwili, kila kimoja kina herufi kama 2,700. Mwaka huo huo ilionyeshwa kwamba mmea wa jamaa ya tumbaku ukitiwa kifurushi kimoja tu hauugui, lakini ukitiwa vyote viwili waugua. Baadaye sababu ikajulikana. Kifurushi cha kwanza kina agizo la kunakili, na cha pili kina maagizo ya kusafiri. Kifurushi cha kwanza kikiwa peke yake chaweza kuzidi ndani ya seli moja, lakini hakina njia ya kuueneza ugonjwa katika mmea mzima. Kumbe basi batobato ni ugonjwa wa safari. Ukimnyima adui huyu usafiri, umemshinda.

MTO WA SUKARI

Kirusi kikisha kupita chumba hadi chumba, hufika tena katika mishipa ya sukari. Majani yaliyokomaa hutengeneza sukari kwa jua, na mishipa huisafirisha hadi mahali pahitajipo chakula, yaani mizizi na majani machanga ya juu. Mfano wake ni barabara za miwa za Awendo. Barabara ilitengenezwa kwa ajili ya miwa, lakini mwizi akidandia trekta naye hufika mjini, tena bila kulipa nauli.

Hapa pana somo kubwa kwa mkulima. Kwa kuwa mto huo hupeleka kirusi katika majani machanga, majani yaliyokwisha kukomaa kabla ya kirusi kuingia hubaki mazuri. Basi ukiona shina lenye majani mazuri chini na mabaka juu tu, jua kwamba limeambukizwa na inzi mweupe msimu huu huu, baada ya kupandwa. Ukiona mabaka tangu jani la kwanza lililochipua, jua kwamba kirusi kilikuwamo katika kijiti ulichopanda. Usimlaumu inzi. Ulikipanda wewe.

Mashina ya namna ya pili ndiyo yapatayo hasara kubwa, maana huugua tangu utoto. Shina lililoambukizwa likiwa limekwisha kukua vizuri hupoteza kidogo tu.

MAGARI MAWILI

Ndani ya mmea kirusi huchukuliwa na seli na mto wa sukari. Kutoka mmea hadi mmea kina magari mawili tu. La kwanza ni inzi mweupe. Akifyonza shina gonjwa kwa saa chache, kirusi huingia tumboni mwake, hupita katika kuta za utumbo, na kufika katika tezi za mate. Baada ya hapo akikaa dakika kama 10 tu juu ya shina zima aweza kuliambukiza, na aweza kufanya hivyo kwa siku kadhaa. Upepo humchukua kutoka shamba hadi shamba.

Gari la pili ni mimi na wewe.

Naomba niseme habari zangu mwenyewe. Nilipopata kipande changu cha shamba, shemeji yangu alinipa mzigo wa vijiti vya muhogo, zawadi ya kuanzia makao. Kwetu mtu hakatai zawadi ya mbegu. Vilikuwa vimekwisha kukatwa na majani yameondolewa, nami sikuuliza vilitoka katika mashina ya namna gani. Nilivifunga nyuma ya baiskeli, na njiani nikamgawia jirani yangu, mama mjane mwenye watoto wanne, vijiti vya kutosha robo ekari. Alinishukuru sana.

Baada ya miezi miwili karibu mashina yangu yote yalikuwa na mabaka, tangu jani la chini. Nilikwenda kwake nikakuta vivyo hivyo. Mimi nina mshahara. Yeye alitegemea muhogo ule kuchanganya na mtama katika miezi ya njaa, kabla ya mahindi mapya. Mwaka uliofuata alichimba magunia mawili mahali alipotazamia kumi. Hakunilaumu, kwa kuwa alidhani ni inzi. Nilimweleza ukweli, nikampelekea mahindi kutoka ghalani kwangu, na msimu uliofuata nikamtafutia vijiti vizima. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa gari la kirusi, na baiskeli yangu ilikwenda mbali kuliko inzi yeyote.

HABARI ZA ZAMANI NA ZA KARIBUNI

Batobato si jambo geni. Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili, lakini virusi hivi ni vya Afrika. Mwaka 1894 Mjerumani aitwaye Warburg aliandika juu ya ugonjwa huu katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Katika miaka ya 1930 Bwana H. H. Storey na wenzake katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, walichunguza jinsi inzi mweupe anavyoueneza. Walichanganya muhogo na mti wa mpira ulio jamaa yake ili kupata aina zenye ukinzani.

Kisha ikaja balaa kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali lilizuka Uganda, likasogea kama kilomita 20 hadi 30 kila mwaka. Watu waliacha kupanda muhogo, na njaa ikaingia. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limevuka mpaka na kuingia Magharibi mwa Kenya, na kabla ya miaka hiyo kwisha likafika Nyanza Kusini. Wazee wenu wakumbuka.

Kwa nini lilikuwa kali hivyo? Mwaka 1997 wataalamu walitangaza kwamba kirusi cha Uganda kilikuwa kimeunganika kutoka virusi viwili vilivyojulikana zamani. Kumbukeni mfano wa mpiga chapa. Karatasi za watu wawili zikiwa katika kisanduku kimoja, kurasa zaweza kuchanganyika, na barua ya tatu ikatoka. Tena waliona kwamba mara nyingi shina moja lilikuwa na virusi vya namna mbili pamoja. Kila kimoja hudhoofisha ulinzi wa mmea kwa njia yake, na mmea usio na ulinzi wote huugua vibaya.

Lakini msaada ulipatikana, na ulitokana kwa sehemu na kazi ya Amani. Katika miaka ya 1950 mbegu za mchanganyiko ule zilipelekwa Nigeria, na baadaye watafiti wa Ibadan wakazalisha kutoka uzao wake mihogo yenye ukinzani. Mihogo hiyo ililetwa Uganda, kisha Magharibi mwa Kenya, ikachunguzwa na kuzalishwa kwa wingi. Upo pia ukinzani wa namna nyingine, kutoka mihogo ya Afrika Magharibi. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba ukinzani huo wahusiana na mabadiliko madogo katika ule mtambo wa kunakili wa muhogo wenyewe. Naam, mpiga chapa wa mihogo hiyo si yule ambaye kirusi kilimzoea.

YATUPASAYO KUFANYA

Hapana dawa ya kumponya muhogo ulioambukizwa shambani. Kupiga dawa ya wadudu nako hakufai sana, maana inzi ni wengi na wengine huruka kutoka kwa jirani kesho yake. Njia iliyo mikononi mwetu ni kulifunga gari la pili. Basi:

1. Chagua mbegu mashina yangali na majani. Pita shambani, na kila shina zima lifunge kamba au kitambaa. Kiangazi kikipukutisha majani hutaweza kutambua zima na gonjwa. Siku ya kukata, kata yenye kamba tu.

2. Usipokee kijiti ambacho hukuona majani ya mama yake. Anayekupa akiwa ndugu, mwambie kwa adabu: "Twende shambani tukavichague pamoja." Hiyo si kukataa zawadi.

3. Kabla ya kukata mbegu, chimba mizizi michache uipasue. Upo ugonjwa mwingine wa virusi, uitwao michirizi ya kahawia, ambao nao umefika Magharibi mwa Kenya. Wenyewe huozesha mizizi kwa ndani, ikawa na mabaka makavu ya kahawia, na huku majani yaweza kuonekana mazuri. Ukiona hivyo, usichukue mbegu katika shamba hilo.

4. Baada ya kupanda, kagua kila juma kwa miezi mitatu ya kwanza. Shina lionyeshalo mabaka ling'oe na kulifukia au kulichoma. Usilitupe kando ya njia, maana mtu atapita aliokote akalipande.

5. Ng'oa maotea ya muhogo wa zamani kabla ya kupanda upya, wala usipande shamba jipya ubavuni mwa shamba la zamani lenye ugonjwa.

6. Uliza ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe habari za aina zenye ukinzani zifaazo mahali pako. Hata hizo hazina budi kuchaguliwa vijiti vizima kila msimu.

Tena msiogope bure. Batobato halimdhuru mtu. Mizizi ya shina lenye batobato yaweza kuliwa, ikitayarishwa kama kawaida. Panga na jembe pia havienezi batobato. Wala kirusi chake hakipiti katika mbegu halisi zitokanazo na maua.

Neno langu la mwisho ni juu ya ujirani. Katika skimu mashamba yetu yamepangwa ubavu kwa ubavu, kama seli za mmea, na kati yetu mna vipenyo vingi vya wema: twapeana mbegu, moto, chumvi na maziwa. Siwaambii mvizibe. Jirani akija kukuomba vijiti vya muhogo usimnyime, lakini kabla hujashika panga, nenda naye shambani mkaangalie majani kwanza.